Kimfuko cha Nywele za Mwari

Jedida Kitsao ana tabia moja ambayo baadhi ya wateja wake huiona ni dharau. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajakuuliza unataka nini, atazishika nywele zako za kisogoni, azivute kidogo, aziachie, kisha anyamaze. Ukimuuliza anatafuta nini, atakuambia, "Nimeziuliza, nangoja jibu." Wengine hucheka. Wengine humwona ana maringo, mwanamke wa Kigiriama kutoka Junju, saluni yenyewe chumba kimoja cha mabati hapa Maweni, na bado anakufanyia udaktari.

Mimi ukuta wangu na wake umeshikana. Ni mwaka wa nane huu. Jumapili yeye huenda kanisani kwao na kitambaa cheupe kichwani, na Ramadhani hafungui hata chupa ya maji mbele yangu, ijapokuwa sijamwomba. Ni kwa ujirani huo ndio nikaijua ile habari ya Mtwapa, ambayo yeye haisemi hivi hivi.

Alikuwa bado msichana, ameajiriwa kwenye saluni ya watu huko Mtwapa. Akaja mama mmoja, Hannah jina lake, akataka nywele za mawimbi. Jedida akamuuliza kama alikuwa ametia rilaksa, ile dawa ya kunyoosha. Yule mama akasema hapana. Kumbe alikuwa amejipaka mwenyewe nyumbani na ikamchoma, akaona haya kusema mbele ya watu. Jedida akaamini. Akampaka dawa ya kukunja, akangoja, akaenda kumwosha. Nywele zikamfuata mkononi. Hazikung'oka, aliniambia, zilikatika karibu na ngozi, zikaelea kwenye beseni kama mwani. Hannah hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, nipe kitambaa changu."

"Angalinitukana ningalisahau," Jedida aliniambia. "Lakini aliomba kitambaa."

Tangu siku hiyo akaanza kuisoma karatasi ya kila chupa, herufi kwa herufi, na Kiingereza chake ni cha darasa la saba kama changu. Jina la kile kilichomo alilijua mpaka akaweza kulitamka bila kukwama: asidi ya thioglaikoliki. Mafundi wenzake husema thayo tu. Siku moja aliketi barazani pangu nikisuka ukili, akanieleza. Ndani ya unywele, alisema, mna vifungo vingi vidogo vya kibiriti, yaani salfa, ndivyo vinavyoupa umbo lake, uwe wa singa au wa kipilipili. Asidi hii huvifungua, na ndiyo maana hunuka mayai viza. Vikishafunguka, nywele unazizungushia rola, unatia dawa ya pili, vifungo vinashikana upya hapo hapo ulipovikunjia.

"Kama kufumua mkeka ukausuka tena," nikamwambia.

"Enhe, Mama Abdulhakim! Sasa rilaksa haifumui. Rilaksa inaukata ukili wenyewe. Ukija na thayo juu yake, hakuna kilichobaki cha kusuka."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Laiti yangalinikaa vizuri zaidi ile siku niliyompeleka nyumbani kwa Bi Ummulkheir.

Bi Ummulkheir ni mtu wetu, tunachangia babu. Anakaa Shella ya hapa kwetu, si ile ya Lamu, na mjukuu wake Ilham alikuwa anaolewa mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo. Mama yake Ilham alifariki mtoto hajaanza chuo cha Kurani, kwa hivyo bibi ndiye mama. Ukutani kwake Bi Ummulkheir kuna picha ya harusi yake mwenyewe, nywele zimekunjwa mawimbi madogo madogo yanayong'aa, kama ilivyokuwa fasheni wakati ule. Na moyo wake ulitaka jambo moja tu: siku ya kupamba, Ijumaa, wanawake wa upande wa bwana harusi wakishakaa ukumbini, Ilham atolewe na nywele kama zile. Akaniuliza kama namjua fundi wa kuaminika. Nikasema namjua.

Tukaenda Jumanne baada ya adhuhuri. Jedida alibeba sanduku lake, mimi nikabeba ndoo na taulo. Njiani aliniuliza mara mbili, "Una hakika nywele zake hazina dawa?" Nikamjibu, "Bibi yake ndiye anayeziosha." Kisha nilimwona anahesabu rola zake kwa vidole juu ya sanduku lililofungwa.

Ilham alikuwa amewekwa ndani, siku ya sita hiyo. Alikaa kwenye mkeka, amejifunika leso mbili, mikono ya manjano kwa singo ya kusugulia mwili, chumba kizima chanukia udi na liwa. Pembeni yake alikuwa somo wake anayemfunda, Bi Mahfudha, mwanamke mnene wa maneno mengi, ambaye amewatoa wari wa nusu ya mtaa.

"Karibu fundi," akasema Bi Mahfudha. "Wewe ndiye unayevuta watu visogo?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi huyu usimvute sana, ni wetu mpaka Ijumaa. Baada ya hapo mvute utakavyo, mwenyewe yuko."

Tukacheka sote, hata Bi Ummulkheir. Ilham hakucheka. Niliona ni haya za mwari.

Jedida akapiga magoti nyuma yake, akaifunua leso, akazishika nywele za kisogoni. Zilikuwa nyingi, zimelowa mafuta ya nazi, zimesukwa mikia miwili. Akazivuta, akaziachia. Akazivuta tena. Nikamwona uso wake unabadilika kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali.

"Dadangu," akamwambia Ilham polepole, "umewahi kutia kitu kichwani? Rilaksa? Rangi? Hina nyeusi ya pakiti?"

Ilham akautazama mkeka.

"Fundi," akasema Bi Mahfudha, "mwari haulizwi. Una neno, niulize mimi."

"Basi nakuuliza wewe, mama."

"Hajatia kitu. Mafuta ya nazi na ya nyonyo, basi."

"Kichwa hiki nakiosha mimi," akasema Bi Ummulkheir. "Toka mamake alipokwenda mbele ya haki, hapana mkono mwingine uliokishika. Ni Rajabu tu hii iliyopita, zile wiki tatu nilipokwenda Lamu kumwangalia dadangu mgonjwa, na hapo nikamwacha na binti za ami yake. Nilimkuta vile vile."

Maneno hayo yalipita, na mimi nikayaacha yapite. Jedida hakuyaacha. Akasema kwa adabu, "Mama, nisamehe. Naomba nikate nyuzi tano tu za chini, hazitaonekana. Nizitie kwenye bakuli na dawa, tutazame. Ni desturi yangu, hata kwa mtoto wangu ningefanya."

Kisha Bi Mahfudha akakaa sawa.

"Makasi? Kwenye kichwa cha mwari? Siku tatu kabla hajatolewa?"

"Nyuzi tano, mama."

"Hata moja. Na zikishakatwa zitakuwa mikononi mwa nani? Zende wapi?"

Alisema vile akimtazama Jedida toka miguuni mpaka kichwani, na kila aliyekuwamo alielewa. Watu wa mjini wana maneno yao juu ya watu wa mashamba, kwamba nywele za mtu huzirogea. Jedida aliinamisha uso. Nami niliona haya nisijue niyaweke wapi macho. Najua mlinzi ni Mwenyezi Mungu peke yake, wala unywele haumdhuru mtu bila idhini yake, lakini nitasema kweli: mimi pia nywele zangu za kitana huzifukia. Mama yangu alizifukia, na mkono umezoea. Nilichoweza kusema ni, "Bi Mahfudha, nimemleta mimi huyu. Ni mtu mwema."

"Sijasema si mwema. Nimesema makasi hayapiti."

Jedida akaanza kukusanya rola zake. "Basi mama mnisamehe. Sitaweza kumpaka bila kujaribu."

Hapo Bi Ummulkheir alishtuka. Akaitazama picha yake ukutani, akamtazama fundi anayefunga sanduku, akasema, "Ijumaa ndiyo hiyo, siku tatu tu. Nitampata wapi mwingine? Ngoja, ngoja kwanza. Unataka nywele zake, si lazima ziwe za kukata?"

Akaenda kwenye kabati, akarudi na kimfuko cha kitambaa, kimefungwa uzi. Nywele zote za Ilham zinazotoka kwenye kitana huzitia humo, asije mtu akazikanyaga, na zikishakuwa nyingi huzifukia chini ya mkomamanga. Zilikuwa zimejaa humo toka Mfungo Mosi, mwezi ule unaofuata Ramadhani.

"Chukua humu. Lakini bakuli litakaa mbele yangu, na mkiisha, nywele nazirudisha mfukoni mwenyewe."

Jedida akashusha pumzi. Akatia dawa kidogo kwenye bakuli la kioo, harufu ya mayai viza ikaijia pua ya kila mtu. Bi Ummulkheir akaivuta na kutabasamu. "Subhanallah. Ndiyo hiyo hiyo. Harufu ya ujana wangu." Akachopoa mwenyewe kifundo kidogo cha nywele, akakitia. Jedida akaweka saa ya simu yake. Tukangoja, macho yote bakulini, kama watu wanaochungulia maziwa yasimwagike. Muda ulipotimia akazinyanyua kwa mkia wa chanuo, akazisuuza, akazivuta. Zikavutika, zikarudi. Nzima.

"Umeona?" Bi Mahfudha akapiga makofi. "Fundi umetutisha bure! Haya, kazi!"

Nami nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilidhani yameisha.

Jedida alimwosha Ilham mafuta, akaanza kuzigawa nywele na kuzizungusha kwenye rola, moja moja, kuanzia utosini. Ni kazi ndefu. Bi Mahfudha alituchekesha kwa habari za wari wa zamani, yule aliyelala mpaka akakorota akisubiriwa na ukumbi mzima, na yule aliyekula halua yote ya wageni chini ya mtandio. Lakini Jedida hakucheka. Kila alipofika rola mpya aliulowesha ule mkia wa nywele, akautazama jinsi unavyolala kwenye kidole chake, umelegea, haupindi wala haurudi. Nilimjua. Alipofika kisogoni rola moja ikamwanguka.

Nikamsogelea kama nampa taulo. "Vipi?"

"Sijui," akanong'ona. "Zile za bakuli zimesema kweli. Hizi zasema jingine."

"Sasa?"

"Sasa nimejaribu na wameona nzima. Nitasema nini? Nikiondoka, nimewatukana. Nikipaka..."

Nilisoma dua tu, ile fupi ninayoijua ya kuomba wepesi.

Alivaa glavu. Akamfunga Ilham taulo shingoni, akampaka mafuta mazito kwenye ukingo wa uso na masikio. Akakamata chupa, akaichovya pamba. Nilimwona anafumba macho kidogo, naye anaomba kwa Mungu wake, ambaye ni mmoja. Kisha akaupeleka mkono kwenye rola ya kwanza.

Mkono wa manjano ukatoka chini ya leso, ukamshika kifundo cha mkono.

Ilham hakuinua uso. Alimshikilia Jedida vile, kwa nguvu, mpaka dawa ikadondoka mkekani. Kisha kwa mkono wa pili akajipapasa kisogoni, akazipata nywele zilizochomoka kwenye rola, akaukamata unywele mmoja na kuung'oa. Akaunyoosha mbele yake, akaudondosha ndani ya bakuli.

"Ilham!" Bi Mahfudha akamaka. "Mwari hafanyi hivyo!"

"Mwache," akasema Bi Ummulkheir.

Jedida aliweka chini chupa. Hakuweka saa ya simu safari hii. Tulikaa. Nilisikia tuktuk ikipita nje na mtu akiuza mihogo. Nilimtazama Bi Ummulkheir, naye hakulitazama bakuli, alikuwa anamtazama mjukuu wake, yule asiyeinua uso. Nadhani alikwisha kujua.

Jedida akaunyanyua ule unywele kwa mkia wa chanuo. Ulivutika kama utelezi wa bamia. Ukavutika, ukavutika, ukakatika wenyewe, kipande kikarudi kwenye dawa bila sauti.

"Lakini zile za kwanza..." Bi Mahfudha akaanza, na sauti yake kubwa ikamwishia njiani.

"Zile za kwanza ni za Mfungo Mosi," akasema Bi Ummulkheir. "Nilichota za chini ya mfuko." Kisha akamuuliza mjukuu wake, "Rilaksa ulitia lini?"

Ilham akaanza kulia, bila sauti, mabega tu yakitikisika chini ya leso. Bi Ummulkheir akamgeukia Jedida. "Wewe fundi, nywele hukwambia. Lini?"

Mimi najua kwamba Jedida alijua. Aliniambia baadaye kwamba zilikwisha ota nywele mpya urefu wa punje ya mchele, na ukihesabu vizuri unafika Rajabu, zile wiki tatu za Lamu, kwa binti za ami. Lakini pale alisema, "Sijui, mama. Kosa ni langu, mkono wangu uliniambia mapema, nikaona haya kuusikiliza."

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Bi Ummulkheir akainuka kwa kujishika ukuta, akaenda kutawadha, akasali chumba cha pili. Sisi tukabaki. Jedida akaanza kuzifungua rola, moja moja, kila unywele akiutazama iwapo umekatika, maana hata kuzivuta kulikuwa hatari. Baadaye Bi Mahfudha alivuta leso yake mwenyewe akampangusa Ilham machozi, akasema kwa sauti ndogo, "Mjinga wewe. Ungenikanyaga mguu, ningeelewa."

Nilihofia hasira ya Bi Ummulkheir zaidi kuliko kitu kingine. Sala yake ilikuwa ndefu. Aliporudi alikaa mkekani mbele ya bakuli, akataka kutia vidole ndani. Jedida akamzuia, "Mama, hiyo ni asidi, itakuumiza." Akalimwaga kupitia kitambaa, akasuuza kwa maji mengi, akampa vile vipande viwili. Bi Ummulkheir akavikausha kwenye ukingo wa leso yake, akavirudisha kwenye kimfuko, akakifunga uzi.

"Nami nilikuwa nimeshika chupa ile kwa moyo wangu wote," akasema, na sikujua anamwambia nani. "Mimi ndiye niliyekuwa nampaka, si fundi."

Kisha akamtazama Jedida. "Ijumaa utakuja?"

"Kufanya nini, mama?"

"Kumsuka. Bila hiyo. Wewe ndiye unayejua zinahimili nini."

"Nitakuja na maji na mkono tu."

Hakulala Jedida siku mbili zile, nilimsikia akitembea upande wa pili wa ukuta. Aliogopa bado, kwamba kule kuzizungusha kwenye rola kumezilegeza, kwamba Ijumaa zitamtoka mbele ya ukumbi. Alhamisi aliniletea chupa ile iliyofunguliwa, akanionyesha anavyoimwaga chooni na kuifuatisha ndoo ya maji, kama anataka shahidi.

Ijumaa alimsuka Ilham kwa vidole, bila kitana, mkia mmoja mpana uliolegea, vikuba vya asumini vikafichwa ndani yake kuanzia shingoni mpaka mwisho. Nywele za singa, hakuna hata wimbi moja. Ilham alipotolewa wanawake wa upande wa bwana harusi walipiga vigelegele, na mmoja akanyoosha mkono amguse. Bi Ummulkheir, aliyesimama nyuma ya kiti, akamwambia, "Mtazame kwa macho, mwanangu, yatosha."

Jedida alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, mikono ameibana kwapani. Nilisimama naye. Vigelegele vilipopoa, tukamwona Bi Ummulkheir anainama kama anamrekebishia mjukuu wake asumini. Akazishika nywele za kisogoni kwa vidole viwili, akazivuta kidogo, akaziachia. Akangoja. Halafu akainua macho juu ya vichwa vyote vile, akimtafuta Jedida mlangoni, akamwitikia kwa kichwa kwamba zimeshika.